Karibu Isiyo na Bei

Mfyuuu! Jamani, nisogezeeni nafasi hapo kwenye benchi. Mzee, nimiminie kahawa ya moto, maana nina neno limenikaa kooni tangu nilipopanda ndege kurudi, na lisipotoka hapa kijiweni halitatoka popote.

Nimerudi juzi kutoka Istanbul na mzigo wa nguo za watoto. Safari ya sita hii. Mji ule naupenda na watu wake nawaheshimu, kwa hiyo msije mkasema nimekuja kumsema Mturuki. Ninayemsema ni mtu yeyote, wa taifa lolote, anayekuita mezani kwake kwa maneno ya ukarimu huku bei kaificha. Huyo ndiye anayenisonyesha asubuhi yote hii.

Sisi wa Kariakoo tukifika kule tunakaa Laleli. Ndiko yaliko maduka ya jumla, ndiko ziliko ofisi za kago. Safari hii nilifuatana na dada mmoja wa Mtaa wa Kongo, muuza magauni, mara yake ya kwanza kutoka nje ya nchi. Siku ya pili tukapata mwanya, akaniomba nimpeleke akauone msikiti wenye minara sita. Kutoka Laleli ni vituo vitatu tu vya tramu: Beyazıt, Çemberlitaş, Sultanahmet. Ukishuka, mkono mmoja unaiona Ayasofya, iliyosimama pale tangu mwaka 537, na mkono wa pili Msikiti wa Sultan Ahmed, ulioanza kujengwa 1609. Tukaswali Alasiri. Dada akatoka ndani machozi yanamtiririka kwa furaha, anasema laiti mama yake angekuwa hai ayaone yale.

Sasa njaa. Hatukuwa tumekula tangu asubuhi. Hatujavuka hata barabara, kijana mmoja nadhifu, shati jeupe, menyu kwapani, katuwahi. Kule anaitwa *hanutçu*. Sisi tungemwita mpiga debe, maana kazi ni ile ile: analipwa kwa kila kichwa anachokiingiza. "*Merhaba!*" anasema. Dada wa watu akajibu, "Marahaba." Neno ni hilo hilo moja la Kiarabu, kwao salamu, kwetu jibu la mkubwa aliyeamkiwa. Kijana akacheka, akauliza tunatoka wapi. Tanzania. "Aah, Zanzibar! Hakuna matata!" Kisha akaweka mkono kifuani, akatuambia kwamba leo sisi ni *misafir* wake.

Nisikilizeni vizuri hapo. *Misafir* kwa Kituruki ni mgeni, yule anayepokewa nyumbani. Neno letu la msafiri limetoka shina hilo hilo. Wao wanalo hata jina la mgeni asiyetarajiwa anayebisha hodi usiku, wanamwita mgeni wa Mungu. Mtu akikuita hivyo huku ameshika kifua, moyo wako unalegea. Wetu ulilegea. Tukaingia.

Ndani kumepambwa. Mazulia ukutani, mito ya kukalia, taa za vioo vya rangi zimening'inia kama zabibu. Dirishani kakaa mama wa makamo, kitambaa cha maua kichwani, anasukuma *gözleme*, zile chapati nyembamba za kutiwa jibini au mchicha. Kawekwa pale ili wapita njia wamwone. Mlangoni kuna bango kubwa la picha za vyakula, na chini ya picha hakuna tarakimu hata moja. Hapo ndipo nilipotakiwa kumshika dada mkono tukatoka.

Tukaagiza *testi kebabı*, nyama ya kwenye chungu, kwa sababu kijana alituambia ndiyo fahari ya nyumba. Na ni chakula cha heshima kweli. Asili yake ni katikati ya Anatolia, huko Yozgat na Kapadokya. Vyungu vyake vinasifika vile vya Avanos, mji wa wafinyanzi kando ya Mto Kızılırmak, jina lenyewe maana yake mto mwekundu, na udongo wake ni mwekundu vile vile. Nyama na mboga vinatiwa ndani, mdomo unazibwa kwa donge la unga, chungu kinakaa motoni saa kadhaa, kisha kinavunjwa mbele yako. Anayekipika kwa haki anastahili kulipwa vizuri.

Kabla chungu hakijafika, sahani ndogo zikaanza kushuka. Mtindi wa vitunguu saumu. Biringanya za kuchoma. Nyanya za kusaga na pilipili. Zeituni. Jibini. Majani ya mzabibu yaliyoviringishwa na wali ndani. Sita. Mkate ukaja umevimba kama puto, unatoa mvuke. Hatukuagiza hata kimoja. Kule wanalo neno *ikram*, la shina moja na ukarimu wetu: kitu anachokupa mwenye nyumba bure, kwa kukuheshimu. Mhudumu hakulitamka. Alitabasamu tu na kuweka. Nasi, tuliokwisha kuitwa wageni, tukadhani tunakirimiwa.

Chungu kikaja kinawaka moto chini, wateja wote wanageuka kutazama. Mhudumu akakigonga kwa nyundo ndogo, tak, tak, shingo ikatoka. Dada alikuwa kaketi karibu kuliko mimi. Ni mtu wa kukagua mishono, macho yake hayapitwi. Akaninong'oneza: "Kaka, tazama ukingo." Nikatazama. Udongo uliovunjika leo unakuwa na rangi mbichi, safi. Ule ukingo ulikuwa mweusi, umeshika masizi na mafuta yaliyokauka zamani. Chungu kile kilikwisha kuvunjwa siku nyingi, kikawa kinafunikwa upya kila jioni kwa ajili ya watu kama sisi. Na nyama ndani yake ilikuwa vuguvugu. Haikupikwa humo.

Hesabu ikaja. *Hesap*, neno hilo hilo letu. Karatasi ya mkono, mistari imechorwa haraka haraka, jumla chini. Mkate, umo. Maji, yamo. Sahani sita, kila moja kwa bei yake. Malipo ya kukaa mezani. Malipo ya kuhudumiwa. Na bado mhudumu akasimama pembeni, akatuambia kwamba bakshishi yake haimo. Jumla ile ingetulisha sisi wawili Laleli siku nne, mchana na usiku. Nikaomba orodha ya bei. Ikaletwa nyingine, siyo ile aliyoishika kijana barabarani, nayo ilikuwa na bei zinazolingana na karatasi. Yule kijana tumtafute, hayupo, kesharudi barabarani kuwaambia wengine kwamba ni *misafir* wake. Dada mikono inamtetemeka, anafikiria magauni mangapi yameliwa pale mezani. Nikalipa, tukatoka.

Mfyuuu!

Najua kaka yangu hapo mwenye mgahawa unataka kusema, nimeona ulivyokohoa. Sema. Unasema pango la eneo la watalii halishikiki, na pesa yao imeporomoka. Ni kweli yote mawili. Oktoba 2022 mfumuko wa bei Uturuki ulipita asilimia 85 kwa mwaka. Mwishoni mwa 2019 dola moja ilikuwa chini ya lira 6, mwishoni mwa 2024 imevuka lira 35. Mwenye mgahawa akichapisha menyu leo, baada ya miezi michache haifai. Kodi ya nyumba inapanda, nyama inapanda, mhudumu naye ana watoto. Hayo nayakubali kwa moyo mmoja, na ndiyo maana silalamikii bei kubwa. Bei kubwa si dhambi. Andika mlangoni kwamba chungu ni bei ya mbuzi, mwenye uwezo ataingia, asiye nao atapita na salamu. Ninacholalamikia ni kunyimwa nafasi ya kukataa. Mtu akikuficha bei, amekunyang'anya hiari kabla hajakunyang'anya pesa.

Tena msidhani mwenye mgahawa wa Sultanahmet ni lazima awe hivyo. Pale pale kwenye barabara ya Divanyolu, tramu inapita mlangoni, kuna nyumba ya *köfte* ya tangu 1920. Orodha yake fupi: *köfte* za kuchoma, saladi ya maharage meupe wanayoiita *piyaz*, na mwisho halua ya semolina. Watalii wamejaa, na Waturuki wenyewe wamejaa vile vile. Miaka yote hiyo mtaa ule wa wageni umewalisha bila chungu cha kuvunja.

Kesho yake asubuhi kijana wa kago alituona nyuso zimesinyaa. Tukamsimulia. Jamani, yule kijana aliona aibu kana kwamba mwizi ni ndugu yake wa damu. Akatuambia kwamba tangu 2024 sheria yao inataka orodha ya bei ikae mlangoni na mezani, na kwamba ipo namba ya simu ya kulinda walaji, 175, mtu anapiga na kushtaki. Kisha akafunga daftari, akasema, "Leo mtakula na mimi."

Akatupandisha kilima mpaka kwenye Msikiti wa Süleymaniye. Umejengwa na fundi Sinan kati ya 1550 na 1557, mkubwa, mtulivu, kuta zake hazipigi kelele. Mbele yake kuna safu ya migahawa midogo inayouza maharage. Maharage! *Kuru fasulye*, yale meupe, yamechemka polepole na nyanya na siagi mpaka mchuzi umekuwa mzito, na pembeni wali. Wali maharage, ndugu zangu, mbele ya msikiti wa sultani. Dada aliyekuwa hajacheka tangu jana akacheka.

Na huko chini, mitaa ya nyuma ya Laleli na Beyazıt, akatuonyesha nyumba wanazoziita *esnaf lokantası*, migahawa ya wenye maduka na mafundi. Huyu ndiye mama ntilie wao. Hakuna mazulia ukutani. Kuna kaunta ya kioo, nyuma yake trei za chuma zinafuka mvuke: supu ya dengu ya kukamulia limau, njegere, maharage mabichi ya mafuta ya zeituni, biringanya iliyojazwa nyama ya kusaga, kachumbari ya siki, wali wa maziwa wa kuokwa ukabaki na doa la kahawia juu. Unaonyesha kwa kidole, unapakuliwa, bei imeandikwa ukutani. Mkate upo kwenye kikapu mezani, unakula mpaka utosheke. Huna njaa kubwa? Sema *az*, yaani kidogo, unapewa nusu kwa bei pungufu. Mpishi anaitwa *usta*, ndugu yake ustadhi wetu. Anawasha moto alfajiri, mchana mafundi na wabeba mizigo wanajaa, na alasiri trei zikiisha kazi imekwisha. Hakuna cha kupasha kesho.

Nikakaa pale natazama, nikaielewa siri nzima. Mpishi yule hakuzaliwa na roho nyeupe kuliko mwenye chungu. Ila mteja wake atarudi kesho. Fundi viatu wa jirani akipigwa bei leo, kesho hayupo, na kesho kutwa mtaa mzima unajua. Wa Sultanahmet ana hesabu nyingine: mwaka 2023 Istanbul peke yake ilipokea wageni wa nje zaidi ya milioni 17. Huyu akikasirika akaondoka, kuna mwingine anashuka kwenye tramu. Mgeni anayekuja mara moja hana kesho mle ndani, na asiye na kesho hana wa kumwonea haya.

Lakini ndipo inaponiuma, kwa sababu mababu wa mji ule walilijua hilo mapema kuliko sisi. Sinan alipoujenga Süleymaniye hakujenga msikiti peke yake. Alijenga na madrasa, hospitali, na *imaret*, jiko la wakfu. Kila siku lilitoa supu na mkate kwa wanafunzi, kwa maskini, na kwa wasafiri waliofikia pale. Msafiri alilazwa na kulishwa siku tatu bila kutoa kitu. Siku tatu! Na sisi wazee wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ona walivyokutana watu ambao hawajapata kuonana: wote waliona kwamba mgeni ni amana, na amana ina muda wake na heshima yake.

Na kwa wa sokoni waliweka sheria. Kadhi alipanga bei za vitu vya kila siku, bei ile ikiitwa *narh*, na alikuwepo msimamizi wa kupita dukani kukagua mizani. Mwaka 1502 Sultan Bayezid II alitoa kanuni za soko kwa Istanbul, Bursa na Edirne, ndani yake mkate, nyama, na hata chakula kilichopikwa tayari. Walijua kwamba mnunuzi mwenye njaa hana nguvu ya kubishana, basi bei itangulie kabla ya njaa. Leo mtu anatundika picha ya sultani ukutani, anavaa fezi, anaita mgahawa wake wa jadi, na jadi yenyewe, ile ya kumtajia mtu bei na kumlinda mgeni, kaiacha nje ya mlango. Jadi ni mazulia tu? Jadi ni nyundo ya kugonga chungu kilichovunjika mwezi uliopita?

Kwa hiyo nyinyi mnaojiandaa kwenda, na wewe shangazi unayepitia kule ukielekea Umra, shikeni haya. Orodha isiyo na bei, msikae. Sahani usiyoiagiza ikitua, uliza kabla hujagusa: hii ni *ikram*? Akisema ndiyo, kula na umshukuru. Akizungusha maneno, airudishe. Chukua orodha uliyopewa mwanzo, usiiachie mpaka umelipa. Hesabu ikija, soma mstari kwa mstari, si ubahili huo, hata Waturuki wenyewe wanasoma. Na saa sita mchana fuata miguu ya wabeba mizigo. Wanakoingia wao, ingia.

Nimalizie na hili, maana ndilo lililoniponya. Tulikula kwa yule *usta* siku tatu mfululizo. Siku ya kwanza dada alishindwa kumaliza wali, akaubakiza. Siku ya pili, hatujafungua mdomo, *usta* akampakulia nusu, akamtazama, akatikisa kichwa kama anauliza: ndivyo? Siku ya tatu tukamwambia kesho tunaondoka. Tukala, tukaomba hesabu, tukalipa kile kile cha siku zote. Tunanyanyuka, akatuzuia kwa kiganja. Akaingia ndani, akatoka na vibakuli viwili vya wali wa maziwa, vya baridi, akaviweka mbele yetu, akasema neno moja: "*Ikram.*" Kisha akaongeza "*Afiyet olsun*", yaani iwe afya kwenu. Dada alikula kibakuli chake chote, akakwangua mpaka chini.

Naam, Mzee? Unasemaje? Rudia wasikie wote.

Mzee ananiuliza kama dukani kwangu nimeandika bei.

Sijaandika, Mzee. Na hapa nitasema kweli, kwa sababu nimekuja kusema kweli. Akija mteja wa hapa mjini anayejua soko, namtajia bei yake. Akija mama kashuka basi kutoka mkoani na begi mkononi, namtazama viatu kwanza ndipo namtajia. Nimefanya hivyo miaka yote na nilikuwa naita ni biashara. Nimekuwa kijana wa shati jeupe kwa mtu aliyesafiri usiku kucha kunifuata mimi. Msafiri wa watu.

Yule dada amenitangulia. Leo asubuhi nimepita Mtaa wa Kongo, kila gauni lake lina kikaratasi kimebanwa begani kwa pini, bei imeandikwa kwa mkono wake. Nikamuuliza wateja wanasemaje. Akasema wengine wanaondoka bila kuuliza, wengine wanachagua bila kubishana, na yeye jioni koo halimuumi.

Mzee, kahawa yako imefika ngapi? Ile ile. Wewe humtazami mtu viatu, anakuja bosi, anakuja mbeba mizigo, anakuja mgeni, kikombe ni kile na bei ni ile. Shika hii. Chenji usinirudishie, ongezea vijana hawa kashata, na mimi ndiye ninayewapa, wasije wakadaiwa. Nakwenda kununua karatasi na pini.